Kinu Hakilali na Njaa

Punje zilikuwa zimerudi.

Nilisimama katikati ya jiko, sufuria ya maji mkononi, nikizitazama. Zilikaa chini kabisa ya bakuli la mashine ya kusagia kahawa, zimejikusanya kwenye shimo la katikati kama vifaranga waliokimbia mvua, nyeusi, ziking'aa kwa mafuta yao wenyewe. Jioni iliyopita nilikuwa nimelimwaga bakuli hilo kwa mikono yangu. Nilikuwa nimelipangusa kwa kitambaa kikavu, nikapitisha brashi kwenye meno ya chuma, nikachomoa waya ukutani, ndipo nikabeba madaftari yangu nikaenda darasani. Na sasa alfajiri inaingia dirishani, mume wangu hajarudi kutoka zamu, baba mkwe anakohoa chumbani kwake, na ndani ya bakuli mna kiganja kimoja cha kahawa ambacho hakuna mtu aliyekitia.

Kigoda nacho kilikuwa kimesogea. Nilikiacha nyuma ya mlango. Nilikikuta mbele ya meza, kimeielekea mashine, kama mtu ameinuka hapo sasa hivi kwenda kuchukua kitu na atarudi.

Kigoda hicho kilikuwa cha mama mkwe. Na mama mkwe alikuwa ameshafariki zaidi ya mwaka.

Alipoondoka alituachia nyumba yenye watu wawili wasiosema. Wa kwanza alikuwa mumewe, baba mkwe wangu, fundi cherehani mstaafu ambaye zamani, watu wanasema, angeweza kumpima mteja suruali huku akimsimulia habari za mtaa mzima, na suruali isipwaye. Wa pili alikuwa binti yangu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa sauti ya nyumba. Alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mashine ya kunyooshea mashuka ilimbana mkono wa kushoto akiwa bado msichana. Vidole viwili vya mwisho vilikunjika kuelekea kiganjani na havikunyooka tena. "Hivi vimelala," alikuwa akisema, "lakini vitatu hivi vinakula mshahara wa vitano." Kwa vitatu hivyo alichambua mchele, alishona vifungo, alimbana mwanawe sikio hata baada ya mwanawe kuota ndevu. Na kwa vitatu hivyo alichota kahawa kutoka kwenye kopo na kuitia kwenye kinu chake.

Kilikuwa kinu cha mkono, kisanduku cha mbao chenye faneli ya shaba na mpini wa chuma juu, na droo ndogo chini. Alikikalisha katikati ya magoti, yeye juu ya kigoda, binti yangu mgongoni. Tangu mtoto alipoanza kushika shingo, mahali pake palikuwa pale, shavu limebanwa kwenye bega la bibi yake, macho yakichungulia kinachofanyika mbele. "Haya, mke mwenzangu," mama mkwe angemwambia, maana babu wa mtoto alikuwa amekwisha kumposa kwa maneno siku aliyozaliwa, "shika vizuri, tunaingia kazini."

Jioni mimi nilikuwa siko. Asubuhi nilifunga mikate kwenye kiwanda kidogo cha mikate, na jioni nilikwenda darasani kumalizia masomo niliyoyakatiza nilipoolewa. Mama mkwe ndiye aliyenisukuma. "Nenda ukasome," aliniambia, "mimi na mke mwenzangu tutamlinda huyu mzee asiibiwe." Kwa hiyo sikuwahi kujua jioni za nyumba yangu zilivyokuwa. Nilijua asubuhi tu. Nilijua kwamba kila asubuhi nilipoamka, faneli ya kinu ilikuwa tayari na punje kidogo ndani yake, na nilidhani ni namna yake ya kuwahi kazi.

Siku ya maziko, watu wakiwa bado wanakunja mikeka, baba mkwe aliingia jikoni, akakichukua kile kinu kama kilivyokuwa, akakisukuma chini ya kitanda chake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tangu hapo hakukanyaga jikoni tena. Alikunywa kahawa ya unga ya dukani niliyompelekea sebuleni, akaonja, akaweka chini. "Hili ni vumbi la barabara lililopikwa," alisema siku moja, na hiyo ndiyo ikawa hotuba yake ndefu kuliko zote za msimu ule. Alikonda. Shati zake mwenyewe, alizozishona kwa vipimo vyake mwenyewe, zikaanza kumpwaya.

Na mtoto hakusema.

Alitembea kwa wakati wake, alikula vizuri, alicheka, ila cheko lake lilikuwa la mabega tu, halina sauti. Alitimiza miaka miwili akaipita. Wenzake mtaani walikuwa wameshaanza kudai na kutukana. Yeye alinyoosha kidole. Daktari alimpigia kengele nyuma ya kisogo, akamwangalia akigeuka, akatuambia masikio ni mazima, tusubiri. Wifi yangu hakuona cha kusubiri.

"Mtoto atayapata wapi maneno," aliniambia siku hiyo tukianua nguo, "na mama yake kila jioni anayabeba kwenda nayo darasani?"

Niliendelea kukunja shuka. Kuna maneno yanayoingia kama mwiba wa samaki, huyaoni lakini kila ukimeza unajua yapo.

Mume wangu hakuwa mtu wa ukali. Alikuwa mlinda tanuri kwenye kiwanda cha chupa, aliondoka alasiri na kurudi asubuhi macho mekundu, na mambo mazito aliyasema akiwa anavua viatu, ili asinitazame. "Tungoje likizo ya darasa lako," alisema. "Ikifika naye bado, mama, itabidi jioni ukae naye. Si adhabu. Tutafanyaje sasa?" Nikasema sawa. Nilipomlaza mtoto mchana ule nilimsemea masikioni majina ya vitu vyote vilivyokuwemo chumbani, kitanda, pazia, taa, kiatu, mpaka sauti ikanikauka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemsikiliza mgeni akihangaika na lugha.

Ndipo nikapata wazo la mashine. Nilitaka nyumba iwe na kitu kinachonguruma asubuhi. Nilitaka harufu ile irudi, mzee anywe kikombe kizima, na pengine, nilijiambia, nyumba ikianza kuamka kwa kelele mtoto naye ataona haya kunyamaza.

Muuzaji wa vyombo vya umeme alinipangia mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ina visu viwili chini kama feni.

"Hii ndiyo wanayonunua wengi," alisema. "Lakini dada, nikuambie ukweli, hii haisagi, inakatakata. Kahawa yake kama umbea: vipande vikubwa, vumbi jingi, katikati hamna kitu. Na ukibonyeza sana inapata moto, kahawa inaungua kabla haijaona maji."

"Na hii?"

"Hii ina meno." Alifungua akanionyesha, meno mawili ya chuma ya duara, moja limekaa ndani ya jingine. "Punje inashuka katikati, inasagwa mara moja, inaondoka. Unazungusha hii pete kuchagua: huku unga laini, huku chengachenga. Nzito, haina haraka, sauti yake nzito pia. Hii ni kinu cha bibi, ila mkono wa bibi umetolewa, umewekwa umeme."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinipita mwilini vile. Nikasema nachukua hiyo.

"Sasa sikiliza masharti," alisema akiifunga. "Kila jioni uimwage. Punje zisilale humo, mafuta yake yanachacha na kuharibu kahawa ya kesho. Piga brashi, pangusa, chomoa waya. Una mtoto mdogo? Basi chomoa waya hata kama nyumba inaungua." Akanionyesha pia kwamba bila kifuniko kufungwa sawasawa, mashine haiwaki hata uibembeleze.

Nikaiweka kwenye meza fupi chini ya dirisha, kwa sababu soketi ilikuwa huko. Siku ya kwanza nilipoiwasha, mtoto alikuja mbio kutoka sebuleni akasimama mlangoni. Hakuogopa. Aliweka kiganja ukutani, kama mtu anayepima homa ya ukuta, akabaki hivyo mpaka mngurumo ulipokwisha. Kisha akanitazama, akatazama sakafu mbele ya meza, mahali ambapo kigoda kilikuwa kikikaa zamani. Nikasema moyoni, amependa sauti. Basi.

Baba mkwe hakuwa mtu wa kuridhika mara moja. Nilimpelekea kahawa ya kwanza na unga kidogo kwenye kisahani. Aliusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyopima kitambaa. "Chenga," alisema. Kesho yake nikazungusha pete. "Unga." Nikarudi nyuma kidogo. Siku ile alisugua kwa muda mrefu, akanywa nusu kikombe.

"Hii ndiyo," alisema. "Lakini."

"Lakini nini, Baba?"

Alitafuta neno hewani. "Imekosa mtu."

Asubuhi iliyofuata ndiyo ile nilipozikuta punje bakulini.

Mara ya kwanza nilijilaumu. Nilikuwa nimechoka, nilijiambia, nilidhani nimemwaga kumbe sikumwaga. Nikaongeza kahawa nyingine juu yake, nikasaga yote pamoja. Mashine ilipofika kwenye zile za chini ilibadilisha sauti, ikashuka, kama mtu aliyekuwa anaimba akakumbuka kitu. Nikampelekea mzee. Alikunywa mpaka mwisho. Alikishikilia kikombe kitupu kifuani, akafumba macho.

"Leo mmeipata," alisema.

Nilikuwa peke yangu jikoni nilipoisaga. Nilirudi kule nikakisukuma kigoda nyuma ya mlango.

Zikawa zinarudi kila siku. Jioni namwaga, asubuhi nazikuta, kiganja kilekile kidogo, na kigoda mbele ya meza. Nilimuuliza mume wangu. Alikuwa anavua viatu. "Labda panya wa nyumba hii wamejiunga na darasa lako la jioni," alisema, "wamefika kwenye somo la upishi." Nilicheka kwa sababu alihitaji nicheke. Nilimuuliza baba mkwe, kwa kuzungukazunguka, kama aliingia jikoni kutafuta kitu. "Mwanangu," alijibu, "mimi na jiko hilo tumeshaagana." Wifi yangu nilipomwambia aliacha hata kutafuna.

"Umeuliza mara ngapi?"

"Mara mbili. Nduguyo, kisha Baba."

"Usiulize tena. Kitu chenyewe kikikujibu utafanyaje?" Akasogeza kiti chake mbali na ukuta wa jiko. "Itoe hiyo mashine, wifi. Nyumba ina mtoto asiyesema, unaleta na kitu kinachokula chenyewe."

Kula. Ndivyo alivyosema, na tangu aliposema hivyo sikuweza kuliona lile bakuli tena bila kuona kinywa.

Darasani, mwalimu wa fizikia alikuwa akitufundisha msuguano. Alisugua viganja vyake mbele yetu, akatuambia tufanye vilevile, chumba kizima cha watu wazima tukasugua mikono kama watu wanaosikia baridi. Joto hili limetoka wapi, aliuliza. Akasema nguvu haipotei, inahama tu, inatoka hapa inaingia pale. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naufikiria mkono wa mama mkwe uliozungusha mpini kila siku ya maisha yake, na najiuliza ulihamia wapi.

Nikaamua kumaliza jambo. Kabla ya kwenda darasani nilimwaga mashine, nikabeba kopo lote la kahawa, nikalifungia kabatini mwangu, ufunguo nikautia mkobani. Nyumbani hakukubaki punje hata moja. Niliangalia chini ya meza, niliangalia kwenye nyufa.

Asubuhi bakuli lilikuwa na punje.

Nilijua kwamba si zangu hata kabla sijazigusa. Zilikuwa zimefifia, rangi ya udongo mkavu, hazina mafuta, hazing'ai. Nilizimimina kiganjani. Zilikuwa nyepesi mno, na zilinuka mbao kuukuu na shaba, na chini yake, mbali kabisa, kahawa. Nilikaa kwenye kile kigoda, kisha nikakumbuka nimekaa wapi, nikainuka upesi.

Sikuwa na la kufanya ila kumpelekea mzee.  Nilifungua kiganja mbele yake.

Alizitazama. Kisha akapiga magoti, mzee wa watu, akainama chini ya kitanda, akakivuta kile kinu kwenye mwanga. Akainua kifuniko cha faneli. Ilikuwa tupu.

"Zilikuwa humu," alisema. "Alizitia mwenyewe. Jioni ile ya mwisho kabla ya kulala. Sikuzigusa, mwanangu. Kila siku nilikuwa nikiinua kifuniko nazitazama, nafunika." Sauti yake ilikuwa imebaki hewa tupu. "Amekuja kuzichukua. Hata hakuniamsha."

Siku hiyo hakunywa kahawa, na chakula hakukigusa. Mume wangu aliporudi na kuelezwa, hakufanya mzaha wowote. Alisimama kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. "Wiki ijayo likizo yenu," alisema. "Usingoje wiki ijayo. Leo nenda ukaage. Na hiyo mashine nitairudisha." Wifi yangu alikuwa nyuma yake, amekunja mikono.

Nilirudisha kopo la kahawa kwenye rafu yake ya chini. Sikuona faida ya kumfungia mtu anayejua kwingine pa kupata. Nikapanga madaftari. Nilimbusu binti yangu utosini, akiwa amekaa miguuni pa babu yake sebuleni, na nikajikaza nisilie mbele yake, nikaenda kuaga.

Nilikuwa sijafungua hata mdomo. Umeme ulikatika shuleni wakati mwalimu anaandika tarehe ubaoni. Tulikaa kidogo kwenye kiza chepesi cha chumba kile, mwalimu akasema nendeni, watu wakatawanyika wakicheka. Nami nikajikuta njiani kurudi nyumbani saa ambayo sikuwahi kuwa njiani, jua bado limeegemea mapaa, watoto wanaitwa kuoga. Nilikuwa sijui kwamba mtaa wangu una rangi hiyo.

Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu. Sebuleni baba mkwe alikuwa amesinzia kitini, kidevu kifuani, kama wazee wanavyosinzia jua likizama. Miguuni pake hapakuwa na mtu.

Kutoka jikoni nikasikia kitu kinakwaruza sakafu, polepole, kikituama, kikikwaruza tena. Kitu cha mbao kinavutwa.

Nilivua viatu. Sijui kwa nini nilivua viatu. Nilikwenda nikiwa nimeshika ukuta, nikachungulia.

Binti yangu alikuwa anavuta kigoda. Alikifikisha mbele ya meza fupi, akakijaribu kama kimetulia, akakiacha. Akaenda kwenye rafu ya chini, akafungua kopo la kahawa, akatia mkono. Mkono wa kushoto. Mtoto huyu anakula kwa mkono wa kulia, anashika kalamu za rangi kwa mkono wa kulia. Alipoutoa, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjwa kiganjani, vimelala, na punje amezishika kwa vile vitatu.

 Alipanda juu ya kigoda akiwa ameinama mbele kidogo na kiwiliwili kimepinda, kama mtu aliyebeba kitu mgongoni na hataki kianguke. Akainua kifuniko. Akaziachia punje bakulini, chache chache, bila haraka, na alipomaliza akapangusa vile vidole vitatu kwenye ubavu wa mashine, mara mbili, namna nilivyowahi kumwona mtu mmoja tu duniani akipangusa vidole vyake. Kisha akasogeza uso karibu na bakuli.

"Kula," aliiambia. "Ulale."

Ilikuwa sauti ndogo, ina kutu, sauti ambayo haijatumika. Lakini maneno yalikuwa mazima, hayana kigugumizi wala utoto.

"Na wewe," sauti ikajibu nyuma yangu.

Niligeuka nikiwa nimeziba mdomo. Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko, mguu mmoja ndani, macho bado ya usingizi, na nilimwona akizinduka, akigundua alipo na alichokisema. Mtoto alitutazama wote wawili kutoka juu ya kigoda. Mabega yakaanza kumcheza. Akacheka, na safari hii cheko likatoka na sauti yake.

Baadaye, nimemkalisha mtoto mapajani pangu na kumshika kama anaweza kuyeyuka, mzee aliniambia. Alikuwa amekaa jikoni, kwenye kiti cha jikoni, mikono juu ya meza.

"Kinu hakilali na njaa. Hayo yalikuwa maneno ya mama wa marehemu, naye akayachukua. Kila jioni anatia kiganja kimoja kabla ya kulala, anakiambia, 'Kula, ulale.' Mimi nilikuwa namtania. Nikimwambia, mke wangu, unamlisha huyo kabla ya mumeo? Basi ikawa kila akisema vile, mimi nikiwa kitandani au kule kitini, najibu, 'Na wewe.' Miaka yote." Alimtazama mjukuu wake, kisha akanigeukia mimi. "Uliwahi kusikia hayo, mwanangu?"

"Hapana, Baba. Jioni nilikuwa darasani."

"Mume wako?"

"Yuko kazini jioni."

"Ndiyo," alisema. "Tulikuwa sisi tu. Na huyu mgongoni. Alikuwa hajaanza hata kutambaa."

 Nje walikuwa wamemaliza kuita watoto. Mzee aliomba kahawa, kahawa jioni ile, na akataka nimsagie hapohapo akiona. Nilipotaka kumimina punje mpya, mtoto aliushika mkono wangu akautoa. Tukaziacha zile zilizokwisha kulala, na mzee akanywa maji ya moto.

Mume wangu hakuirudisha mashine. Aliporudi asubuhi, binti yake alimpokea mlangoni akanyoosha kidole kwenye miguu yake, akamwambia, "Kiatu." Akakaa chini palepale sakafuni, mwanamume mzima, akavua kile kiatu akampa kama zawadi. Kuhusu darasa langu hakuna aliyesema kitu, na mimi sikuuliza. Wifi alikuja jioni ile na akakaa mpaka niliporudi, akidai alikuwa anapita tu. Akaendelea kupita tu mpaka nilipomaliza mitihani.

Ni miaka sasa. Baba mkwe naye amepumzika, na kinu cha mkono kipo juu ya kabati, kimepanguswa, faneli wazi. Mimi nilimaliza masomo, nafanya kazi kwenye duka la dawa, nasoma maandishi madogo ambayo zamani ningewapa watu wengine wanisomee. Binti yangu yuko shuleni na anasema kama redio. Mwalimu wake ameniita mara kadhaa kunieleza hivyo, na kila mara naondoka pale nimeinua kichwa kama mtu aliyepewa tuzo. Nilimuuliza kama anamkumbuka bibi yake. Aliwaza kwa haki kabisa, akasema hapana, anaijua picha tu.

Mwaka huu mashine ilianza kukoroma nikairudisha kwa muuzaji yuleyule, mvi zimemwota kichwani. Aliifungua, akainusa.

"Dada, hii wewe huimwagi."

"Siimwagi."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Alitingisha kichwa akaibadilisha meno, yale mapya makali, yanayong'aa. Alinionyesha na mashine za kisasa, za kimya, mtu hasikii hata zikiwaka. Nikamshukuru nikaichukua yangu.

Jioni hiyo niliiweka mahali pake chini ya dirisha. Miaka yote hiyo nimekuwa nikitia kiganja changu cha punje kabla ya kulala, lakini kimyakimya. Yale maneno sikuwahi kuyasema. Niliyaona kuwa ni ya wenyewe. Sijui ni meno mapya, sijui ni nyumba ilivyokuwa imetulia, mume wangu kazini, binti yangu ameshalala baada ya kubishana na mto wake. Niliziachia punje, nikazisikia zikigonga chuma kigeni.

"Kula," nilisema, polepole, nikijisikia mjinga kidogo. "Ulale."

Kutoka chumbani kwa binti yangu sauti ikajibu, nzito ya usingizi, bila haraka, kama mtu anayejibu jambo la kila siku.

"Na wewe."

Nilifunika bakuli. Nilikirudisha kigoda nyuma ya mlango, kisha nikakitoa tena nikakiweka mbele ya meza. Nikazima taa. Sikwenda kuangalia kama alikuwa macho.